Korongo hawajatua

Kipili, Jumanne, Novemba

Wiki ya tatu sasa, na korongo wa Ulaya hawajatua kisiwani. Ulezi sijapanda, maana tangu enzi za baba tunawasubiri wao kwanza, ndio dalili ya mvua. Nimekuwa nikiyalaumu macho yangu. Uzee huu.

Leo jirani yangu Mama Regi, akianika dagaa, akanichokoza: "Shikamoo babu! Wageni wako wamekosa nauli?"

"Marahaba. Wanaogopa unavyoimba."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwomba aniangalizie kule kisiwani, yeye anaona vizuri. Aliangalia kwa muda mrefu, kicheko kikamwisha.

"Hakuna hata mmoja, babu."

Kumbe macho yangu ni mazima. Wiki zote hizi nimeomba yawe mabovu. Afadhali ningepofuka mimi, wao wawepo.