Zamu Yangu ya Kushukuru

Mama Digna,

Nimekwenda shambani kuona kama kuna mpunga uliobaki. Kuku msiwafungulie, kicheche bado anazunguka. Maharage yako jikoni, Digna ayachemshe.

Asubuhi kwenye sala, zamu yangu ya kushukuru ilipofika, nilisema, "Mimi sina. Mto umemeza shamba." Wewe ukasema, "Basi mimi namshukuru Mungu kwa huyu baba. Maji yamechukua mpunga, yeye yamemwacha." Nikatoka nimenuna.

Nimefunga jembe kwenye baiskeli huku nakuwaza. Mwanamke una imani wewe! Mimi nimepewa mdomo tu.

~~Jioni salini bila mimi.~~ Hapana, mnisubiri. Nitaanza kushukuru mimi. Nikikwama, unikanyage mguu.

Baba Digna