Telefone ya chini ya kitanda

Sidonie, niko naandika na machozi.

Unajua Uwizeye wangu, wa miaka ine. Kila mara masasi ya batu ba bunduki ilikuwa inalia hapa Kalembe, nilikuwa namuingiza chini ya kitanda na telefone, aangalie video, anyamaze.

Leo kuko kimya. Batoto ba jirani bako inje na mupira ya majani ya migomba. Nikamuambia: cheza kwanza, kisha nitakupa telefone.

Akacheza, Sidonie! Akakimbia, akacheka!

Aliporudi nikamupa telefone. Kicheko ikakatika palepale. Akaingia chini ya kitanda, akazima sauti.

Chini ya kitanda! Mi sikumuambia aingie. Kumbe mi njo nilimufundisha.

Akaninong'onezea: "Mama, ingia. Bamefika wapi?"