Jiko Litakamilika Kal

Kanpur, 9 Agosti

Kwako mdogo wangu Bhuppi,

Salamu zikufikie huko Muscat, wewe na wifi yangu na watoto. Amma ni mzima, ila magoti yanamsumbua mvua ikinyesha. Mimi nina uzima wa mwili, kichwa usiniulize. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu unayajua masikio ya mama yetu. Akiwa barazani anasikia mtu akinong'ona darini.

Basi, zawadi yako imefika. Mafundi wa jiko la kisasa walikuja Jumatatu, na kabla ya saa sita jiko la Amma lilikuwa kifusi chini ya dirisha. Msimamizi wao anaitwa Lokesh Khare, kijana wa shati linalong'aa na maneno yanayoteleza. "Amma, puri za sikukuu ya Diwali utazikaangia humu," kasema, huku kiatu chake kiko juu ya jiwe alilosagia viungo bibi yetu. Nilikitazama kile kiatu mpaka akakitoa.

Jiko la muda wameliweka kwenye ujia, mlangoni mwa choo. Amma kaja kuliangalia, kashika pua. "Nile kilichopikwa kwenye kizingiti cha choo? Mimi?" Nikalihamishia barazani. Huko viatu vinapita, akakataa pia. Unaijua sheria yake: hali cha hoteli, hali cha jirani, na kwenye harusi yako mwenyewe alikula ndizi. Anachokula kimepikwa jikoni kwake, na aliyekipika ameoga. Sasa anaishi kwa maziwa na matunda.

Nimemuuliza Lokesh makabati yanafika lini. "Kal, dada, kal." Kesho ya tarehe gani, hasemi. Mimi kazi yangu ni dirisha la tiketi stesheni, nauza safari za treni zinazochelewa, kwa hiyo sauti ya mtu anayedanganya kuhusu muda naijua. Huyu namshuku.

Dada yako,
Saroj


Muscat, 21 Agosti

Dada Saroj,

Shikamoo. Sisi hatujambo, joto tu linatuchoma. Barua yako imenichekesha, na imenichosha kidogo.

Dada, wewe unagombana na kila mtu. Ulishagombana na muuza maziwa kwa ajili ya povu! Kampuni hii nimeichunguza, watu wengi wanaisifu, na hapa rafiki zangu wawili wamewawekea wazazi wao majiko yaleyale. Waache vijana wafanye kazi bila kusimamiwa kama watoto wa shule. Na usiogope, fungu la mwisho la malipo ninalo mimi. Hawalioni mpaka jiko liishe.

Nilitaka Amma apike amesimama wima, bila moshi machoni, kama mama za wenzangu. Hilo tu. Kuhusu kula, naona anadeka. Njaa itamlegeza, utaona.

Mpe salamu zangu, umkandie magoti.

Mdogo wako,
Bhuppi


Kanpur, 3 Oktoba

Bhuppi,

Natumai hamjambo. Huku tuko hai, tushukuru hilo.

Mwezi mzima wa Septemba Lokesh hakuonekana. Nikipiga simu, "kal". Halafu zikaingia wiki mbili za kuwakumbuka mababu, akapata kisingizio kitamu: "Dada, kipindi hiki haifai kuanza kitu kipya, Amma atachukia." Amma kanipokonya simu. "Mwanangu, mababu zangu walipenda kula. Njoo umalize." Hakuja.

Jana wamekuja. Ngoja nikueleze ulichonunua. Tundu la kukalisha jiko la gesi wamelikata kubwa, jiko likatumbukia ndani ya droo ya vijiko. Mlango wa kabati la juu ukifunguliwa unagonga bomba la maji. Ile "mbao isiyoshika maji" ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Nimemwagia kikombe kimoja cha maji kwa makusudi, asubuhi imeumuka kama unga wa maandazi. Na kwenye sinki jipya, Bhuppi, fundi mmoja katema tambuu. Mate mekundu yanatiririka kwenye chuma cheupe, naye anajifuta mdomo na kitambaa cha Amma cha vyombo! Nimetapika. Sitii chumvi, nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Bado. Lile bomba la feni ya kufyonza moshi, unadhani wamelipitisha wapi? Ukuta wa nje ulikuwa mgumu, wakachoka, wakatoboa ukuta wa ndani. Lokesh kachoma karatasi chini ya feni kutuonyesha inavyovuta vizuri. Imevuta kweli. Moshi ukatokea kwenye chumba cha sala, nyuma ya sanamu ya Krishna! Moshi wa kitunguu na mafuta ungekuwa unawapulizia miungu usoni kila siku. Amma kasimama pale na ua lake mkononi. "Hata wao sasa watakohoa," kasema, akaenda kulala.

Wameondoka bila kuunganisha gesi, na jiko la muda wamelibeba. Bangili za Amma zilizokuwa zinambana sasa zinapanda mpaka kwenye kiwiko. Usiniambie tena habari ya kudeka.

Dada yako,
Saroj


Muscat, 16 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo na hongera! Unaona sasa? Subira kidogo tu.

Baada ya barua yako niliwapigia kampuni nikawafokea kwelikweli, hata mke wangu kashangaa. Leo asubuhi nimepata ujumbe wa Lokesh: "Jiko kamili, kal. Malipo tafadhali." Moyo wangu ukatulia, nikatuma fungu la mwisho papo hapo. Kumbe jana mmemaliza na wewe hukuniambia! Unanikomoa, siyo?

Barua hii naipiga picha nakutumia kwa simu, posta itanichelewesha. Haya niambie, Amma kapika nini kwanza? Nataka picha yake amesimama mbele ya jiko.

Mdogo wako mwenye furaha,
Bhuppi


Kanpur, 17 Oktoba

Bhuppi,

Salamu sina.

Lugha yetu imetupa neno moja la jana na kesho. Jana ni kal, kesho ni kal. Mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba ukiambiwa kal peke yake, bila kitenzi, unauliza: ipi? Wewe hukuuliza. Mimi niko hapa, simu ninayo, hukuniuliza hata mimi. Ulitaka iwe jana kwa sababu ulishachoka na maneno yangu, ukalipa.

Jana hakuja mtu. Leo hakuja mtu. Simu ya Lokesh imezimwa. Ofisini kwao binti kaniambia kwa sauti ya asali kwamba mteja amelipa malipo ya mwisho, kwa hiyo kwenye kompyuta kazi imekamilika.

Picha unayotaka siwezi kukupigia. Amma yuko kitandani, anakunywa maziwa kwa kijiko. Kasikia nikisoma barua yako, maana nilisahau nikaisoma kwa sauti. "Msimlaumu mtoto," kasema. Mimi nakulaumu. Nimechefuka na kampuni, nimechefuka na wewe, na harufu ya gundi imejaa nyumba nzima.

Saroj


Kanpur, 20 Desemba

Mdogo wangu,

Miezi miwili hujaandika, nami sikuandika. Haidhuru. Natumai watoto hawajambo. Baridi imeingia, ukungu mpaka saa tano, Amma nimemfunika mablanketi matatu na bado miguu yake ni barafu. Daktari anasema hana ugonjwa wa kutaja jina. Anasema ale.

Nimewashtaki. Kuna tume ya wilaya ya kuwatetea walaji, ndivyo wanavyotuita wanunuzi. Nimecheka peke yangu kwenye benchi. Mlaji gani, wakati aliyeko nyumbani hali?

Wakili wa kampuni ana nywele zimepakwa mafuta mpaka kwenye kola. Kasimama, kasema: "Mheshimiwa, kal katika ujumbe huu ni jana. Mteja mwenyewe alielewa hivyo, akalipa." Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani, ameinama anaandika. Hakuinua kichwa. "Kwa hiyo jiko lilikamilika?" "Lilikamilika, mheshimiwa." "Na gesi mnakwenda kuunganisha lini?" "Kal, mheshimiwa."

Chumba kizima kiliangua kicheko, hata askari wa mlangoni. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama yule mtu anavyorekebisha kola yake, hana hata chembe ya haya. Mama wa miwani kawaamuru wamalize kila kitu kabla ya sikukuu ya Khichri, katikati ya Januari. Mpaka hapo wakili wetu katukataza kugusa hata skrubu moja, tusije tukaambiwa tumeharibu wenyewe. Kwa hiyo hata fundi wa mtaani siwezi kumwita.

Juzi nilishindwa. Nimekwenda kwa Mama Nigam jirani, nimeoga kwanza, nikapika khichri laini, mchele na dengu na samli, nikaileta chini ya shali ikiwa bado ya moto. Nikamwambia Amma nimepika jikoni kwetu. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Filimbi ya sufuria ya mvuke sijaisikia," kasema, akageukia ukutani.

Baadaye akaniita. Anasema ya sikukuu atakula, ikipikwa hapa, na filimbi zile tatu azisikie kwa masikio yake. Anauliza kama na wewe utakuwepo.

Dada yako,
Saroj


Muscat, 2 Januari

Dada,

Shikamoo. Nimeandika barua nyingi nikazichana. Niliandika kwamba njaa itamlegeza. Maneno yale ninayaona kila ninapokaa mezani, na watoto wananiuliza mbona sili.

Nimepata likizo. Natua Delhi tarehe kumi na mbili, nashika treni ya usiku. Mwambie Amma nitakula naye khichri ya sikukuu, kutoka sahani yake, kama zamani. Mwambie mimi mwenyewe nitaipandisha sufuria motoni.

Mdogo wako,
Bhuppi


Kanpur, 15 Januari

Bhuppi wangu,

Najua uko kwenye sakafu ya stesheni ya Delhi siku ya tatu, ukungu umezifunga treni zote na barabara. Nimeuza tiketi za treni hizo maisha yangu yote, kwa hiyo sikulaumu kwa hili. Hii nakutumia kwa simu. Mwombe mtu akupe nafasi karibu na ukuta, usipigwe na baridi kifuani.

Kwenye simu nilikwambia tu kwamba Amma ametuacha alfajiri ya tarehe kumi na tatu. Nyumba ilijaa watu, mengine sikuweza. Aliamka, akauliza kama ni sikukuu. Nikamwambia bado, ni kesho. Akasema, "Kal," akatabasamu kidogo, akalala tena. Sijui alimaanisha ipi.

Hatukuweza kukusubiri. Wazee wa ukoo walitaka mtoto wa Chacha, baba yetu mdogo, awashe moto wa kuuchoma mwili kwa niaba yako. Nikakataa. Pandit aliyesoma sala alinung'unika, wanaume wakaguna, nikawaambia: tangu Agosti nimeshindwa kumwashia mama yangu moto wa kupikia, huu siwaachii. Nimeuwasha mimi. Nisamehe, ilikuwa haki yako.

Leo asubuhi wamekuja. Ndiyo, hao. Tarehe ya tume imewapita, wameogopa faini. Lokesh na mafundi wanne, wamevua viatu mlangoni safari hii. Wamepita katikati ya wanawake waliokaa chini wanalia, wakaingia jikoni na masanduku yao. Nilikosa nguvu ya kuwafukuza. Kwa saa chache, Bhuppi, saa chache tu, wakafanya kila kitu! Tundu limezibwa na kukatwa upya, makabati mapya, bomba limeelekezwa nje, sinki linang'aa. Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Hapo ndipo nilipojisikia kutapika zaidi ya siku ile ya tambuu.

Halafu Lokesh kaniita. "Dada, tazama." Akawasha mioto yote minne kwa mpigo.

Ndani ya nyumba yenye msiba! Anajua kama tunavyojua sote kwamba jiko haliwashwi mpaka matanga yaishe. Yeye pia ana mama. Alitaka picha ya kuwapelekea tume. Wanawake wakageukia mlango wa jikoni. Moto ulikuwa mzuri, wa buluu, sawasawa, na mimi nikazima mmoja mmoja. Nikamwambia, "Sahani ya yule uliyemwahidi puri imeshafunikwa." Akainamisha kichwa, lakini karatasi akaitoa hivyohivyo. Mteja aandike siku ambayo kazi imekamilika kwa kuridhika kwake, aweke sahihi.

Nikaandika: kal. Nikatia sahihi. Akaisoma, akanitazama, akataka kuniuliza ipi. Akaikunja karatasi. Wakavaa viatu vyao wakaondoka.

Ujumbe wako wa asubuhi nimeupata, unasema unafika kal. Nitakuamini kwamba ni kesho. Mama Nigam ameleta chakula, nimekuwekea chako. Sufuria ya Amma nimeisugua, iko juu ya jiko, na matanga yakiisha utaipandisha wewe, kama ulivyomwahidi.

Dada yako,
Saroj