Kuku wa Bibi Paskazia

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Vijana wangu wameanza! Nilitegemea mmoja, wamekuja wanne. Kwenye semina kule Nzega tuliambiwa vijana wa siku hizi hawajitolei bila posho. Waje waone hapa kwetu Puge! Hata Fikiri, mvivu wa kupindukia, kaacha simu kwao. Tumekandika ukuta wa nyuma wa nyumba ya Bibi Paskazia. Anaishi peke yake, nyumba ya udongo, na mvua ziko karibu. Asnath kakanyaga udongo mpaka magotini huku anaimba. Nilifurahi nikataka kulia.

Mwisho tu ndiyo sikuelewa. Bibi alituletea ugali na kuku. Asnath akamwambia kwa adabu: asante Bibi, anti Levina katukataza, sisi tunajitolea. Kweli niliwakataza, kama semina ilivyosema—msipokee kitu, hata karanga. Bibi akarudisha sufuria ndani, akafunga mlango. Labda kachoka.

Jumapili, 13 Oktoba

Kachoka wapi! Baada ya misa jirani yake, Mama Shigela, kanivuta pembeni: kumbe hata watoto wako wanaogopa kula kwa yule bibi?

Kizee, peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni—watu wanamnong'ona siku nyingi kwamba ni mchawi. Sasa mimi nimewapa ushahidi! Na kuku aliyetuchinjia alikuwa wake huyo huyo mmoja.

Naona aibu.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekwenda kumwomba radhi. Shikamoo yangu kaitikia, lakini mlango kaufungua nusu. Ukuta wa mbele tuuache uanguke, kasema. Yeye si mchawi wala si ombaomba.

Jioni nikawaita vijana, nikawaeleza. Asnath kalia. Nilijua wataniacha. Fikiri kakuna kichwa: anti, sheria yako mbaya, twende tukale. Mtoto huyu! Na kasema kweli.

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika hapa hapa kwa Bibi, nimekalia ndoo, daftari limejaa udongo.

Tulifika asubuhi tukaanza kukandika ukuta wa mbele bila ruhusa. Mlango kimya. Jua la utosi Fikiri kaenda kubisha.

“Hodi, Bibi! Tuna njaa, tufe?”

Halafu sauti kutoka ndani: “Kuku mlimkataa. Sina mwingine.”

“Hata matobolwa, Bibi!”

Tukasikia sufuria inaburutwa. Katoa matobolwa, viazi vyake vikavu, na karanga sinia zima! Nikawaambia vijana wasile nyuma ya nyumba. Wakae mbele, kwenye njia ya bombani, kila mwenye ndoo awaone.

Wamejipanga hapo, wanatafuna. Fikiri mashavu yamejaa lakini anakaribisha kila anayepita. Wengi wanasema wameshiba, wanaongeza mwendo. Bibi kakaa kizingitini, anamuuliza Fikiri kama kwao hawapiki. Kacheka! Sijawahi kumwona akicheka.

Mama Shigela huyo anakuja, ndoo kichwani.

“Mama Shigela, karibu!” Fikiri huyo.

Kasimama. Anaangalia sinia, anamwangalia Bibi. Bibi ameshika kata ya maji ya kunawa. Hakuna anayetafuna sasa, hata Fikiri.

Anatua ndoo, anamnyooshea Bibi mikono—