Salamanda Tisa za Padri Wellars

Ijumaa, 2 Machi 1956

Mvua tangu alfajiri! Asubuhi nilikuwa Nengo kwa Padri Wellars, kubadilisha majani ya salamanda. Mwaka jana nilikuja pale kumushonea kanzu ya upadri tu, kazi ya siku mbili. Nikabaki. Macho yake yameingia ukungu, donc basi mi ndiye macho yake: nahesabu vidole vya salamanda, nasema rangi, naandika. Saidati anasema nimemuolea muke mwenza, tena mwenye ndevu!

Ziko tisa kwenye sanduku la kioo. Rafiki yake, padri aliyefundisha naye seminari zamani, alizituma na ndege toka Amerika. Watu wanaita mijusi, na Padri anawaka moto. Mujusi iko na magamba, hii ni ndugu ya chura! Na haina mapafu. Hata kidogo. Inavuta hewa na ngozi, na ngozi ya ndani ya kinywa. Ngozi ikikauka, kwisha. Kwa nyingi, mayai hayatoi viluwiluwi, kitoto kinatoka tayari na miguu minne. Kule ziko za kila namna. Za juu ya miti, za kwenye mito, za mapangoni zisizoona kitu — hizo za chama changu, anasema Padri, na anacheka peke yake.

Ila Afrika yetu haina hata moja. Hiyo inamuuma. Ukungu tuko nao, baridi tuko nayo, mawe yenye maji tuko nayo, Mungu alitunyima kwa nini? Mapadri wenzake wanamucheka. Anataka moja ya hapa kabla hajafa, basi.

Majani zinamolala ni yale laini yanayoota juu ya mawe. Yakichakaa nayamwaga kwa chemchemi, chini ya mulima Rubavu, nachukua mapya. Sheria ya Padri: papasa kila konzi kabla ya kumwaga. Leo sikupapasa. Saa ya sala ya Ijumaa ilishafika, na kanzu yangu imejaa matope! Nimemwaga, nimekimbia.

Jumamosi, 3 Machi

Nane. Nimehesabu mara tano. Nane!

Nimerudi chemchemi, nimegeuza mawe mpaka kucha zimevunjika. Hakuna kitu. Padri akauliza kama zote ziko nzima. Nikasema moja imekufa, nimeizika. Akaniambia pole. Mi ndiye nimepewa pole! Astaghfirullah.

Jumanne, 20 Machi

Mukankusi, yule muuza samaki, ameingia anakimbia na kikapu chake. Padri, mujusi yako ile isiyo na magamba! Iko chemchemi, chini ya jiwe pale naosha samaki!

Amefungua jani la ndizi. Salamanda. Nene, yenye afya kuliko zile nane.

Nimeijua palepale. Mwezi wangu wa kwanza hapa niliibana mukia na kifuniko, ukakatika, ukaota tena — hizi mukia huota — ila ncha imekuwa nyeupe kidogo. 

Padri amepiga magoti. Ameishika kwenye kiganja chenye maji, analia na anacheka. Mwana wanjye, mwanangu, iko hapa! Ilikuwa hapa siku zote, na sisi tunalalamika! Halafu swali moja tu, kwa upole: majani ulikuwa unayapapasa, siyo?

Nikasema: kila konzi, Padri.

Ulimi huu!

Alhamisi, 22 Machi

Padri hali, halali, anaimba. Jana aliwaita wale mapadri wawili wanaomucheka. Wakainama kwenye sanduku. Mmoja akavua kofia. Padri akawamiminia chai yeye mwenyewe, nusu kwenye kikombe, nusu kwenye meza. Walipotoka akaniambia jina lake litakuwa salamanda ya Kadiri, jina langu mi. Kwa sababu macho ni yako, anasema. Nilitaka ardhi inimeze.

Nimemuambia Saidati yote. Sikutukanwa, na hiyo ni mbaya zaidi. Akasema: mutu anaona na macho yako, na we unayafumba? Akanipakulia ugali. 

Barua inaenda Amerika kesho, na salamanda itafuata ndani ya pombe kali, isioze. Yule rafiki ataijua kwa siku moja. Ni yeye aliyeituma! Watamucheka mzee wangu hapa na ng'ambo.

Ijumaa, 23 Machi

Niko kwa Padri, mezani. Daftari langu liko juu ya barua yake. Gari la posta linaondoka kwenda Goma saa kumi.

Barua imefika katikati. Ameniambia hesabu mistari ya ubavuni, ya huyu wa chemchemi na ya wale wa Amerika, tuandike tofauti. Nimehesabu. Sawasawa. Nimehesabu tena. Sawasawa. Anasema usiharakishe, macho yangu, tuko na wakati. Anangoja, mikono juu ya magoti, uso umefunguka.

Nampenda huyu mzee. Ndivyo ilivyo. Baba yangu hakuwahi kuniuliza naona nini. Huyu ananiuliza kila siku, na anaamini. Nikisema, namuvunja. Nisiposema, wengine watamuvunja, mbele ya watu. Ilikuwa mi, Padri. Sikupapasa. Ile ya tisa haikufa, niliimwaga mwenyewe, na huyu ndiye yeye. Ona, kwenye karatasi inatoka. Mudomoni haitoki.

Amegeuza kichwa. Anasikia kalamu. Anauliza: unaandika nini, Kadiri, na mi sijasema neno?

Naendelea kuandika.

Anavuta kiti chake karibu. Anasema: haya, nisomee.