Filamu ya Aidarus

Cape Town, 8 Septemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Nakubusu mkono, na wa Baba pia. Goti lako lina nafuu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina huruma.

Ile filamu ya michoro niliyokuwa nikihangaika nayo imekwisha. Ni fupi, na ndani yake hakuna mtu asemaye neno. Nimekutumia kwa simu. Kabla hujaifungua nataka ujue kuwa ni ya Aidarus. Tangu pumu ilipomchukua mdogo wangu, jina lake halikutajwa tena nyumbani kwetu. Nilijaribu kuwaandikia waliomo maneno ya kusema, kila neno likawa uongo. Basi nikauacha ukimya kama ulivyokuwa.

Wameniomba waionyeshe kwenye tamasha la hapa mwezi wa Disemba. Sikutaka wageni waione kabla yako. Ukikataa, sitaitoa.

Mwanao,
Shifa


Mji wa Kale, Mombasa, 21 Septemba 2024

Mwanangu Shifa,

Waaleykum salaam. Sisi twashukuru Mungu. Goti ni lile lile, na baba yako hajambo, ashinda dukani Biashara Street na kanga zake kama kawaida.

Nimeitazama jikoni peke yangu. Umepatia alivyokuwa akilala kwa kuegemea mito ili apate pumzi. Umepatia hata alivyokuwa akishuka ngazi kwa makalio. Nililia mpaka wali ukaungua.

Lakini usidhani nilinyamaza, mwanangu. Nilikuwa nikifungulia maji bafuni ili msinisikie, nikimhadithia Aidarus habari za siku. Miaka mingi nilifanya hivyo.

Na pale mwisho umenichora nimepiga magoti kando ya kaburi lake. Shifa, mimi sijaliona kaburi la mwanangu. Jeneza lilitoka mlangoni, wanaume wakalifuata, sisi wanawake tukabaki juu tukisoma Kurani, shangazi yako Mejumaa amenishika mabega. Baadaye sikuomba nipelekwe, na baba yako hakuniambia twende. Nilipojiona pale, niliizima simu.

Itoe sehemu hiyo. Mengine fanya upendavyo.

Mamako,
Badria


Cape Town, 22 Septemba 2024

Mama yangu,

Salamu nyingi, wewe na Baba.

Barua yako nimeipata leo kwenye simu. Sikujua. Nilikuwa mtoto, nikadhani ulikwenda siku nyingine ambayo mimi nilikuwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Nimeshaikata sehemu hiyo. Filamu sasa inaishia mlangoni, jeneza likitoka.

Niwie radhi. Niandikie japo mstari mmoja nijue hujanikasirikia.

Mwanao,
Shifa


Mji wa Kale, Mombasa, 17 Novemba 2024

Mwanangu Shifa,

Assalaam aleykum, na natumai u mzima. Najua umengoja sana. Sikukukasirikia. Sikuwa na la kukuandikia mpaka juzi.

Wiki chache baada ya barua yako, baba yako aliichukua simu yangu atafute namba ya mtu wa vitambaa, akaikuta filamu, ile ya mwanzo. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miwani usoni, airudia pale Aidarus anapocheka.

"Hakucheka hivi," akaniambia. "Alikuwa akikohoa kwanza, ndipo acheke."

Nikakaa. Tangu azikwe sikuwa nimemsikia baba yako akimtaja. Akaitazama hadi mwisho.

"Nani alikupeleka pale kaburini?"

"Hakuna. Ni picha tu, Awadh. Mtoto alidhani nilikwenda."

Akanirudishia simu, akaenda kuswali. Juzi Ijumaa alasiri akarudi mapema na tuktuk, akaniambia nivae buibui.

Makaburini alitangulia, mimi nyuma. Akafika karibu na ukuta, akasimama, akasogea, akarudi tulikotoka, akaanza upya. Kile kibao cha mbao walichokiweka kaburini kimekwisha kuoza, na wengine wamezikwa pale kati. Jasho likamtoka. Akawa ainama kila kaburi dogo kana kwamba litamjibu.

Nikamuuliza, "Mara ya mwisho ulikuja lini?"

"Siku ile," akasema.

Mimi miaka yote hii nilikuwa nikimwonea wivu. Kila alipochelewa kutoka msikitini siku ya Ijumaa nilijisemea, yuko kwa mwanawe. Kumbe alikuwa akizunguka Makadara akinywa kahawa mpaka jua lishuke, hathubutu kuelekea huko.

Alilia, Shifa, mbele ya watu. Nikamshika mkono, tukawaombea dua wote waliolala upande ule, tukaondoka. Njia nzima alinihadithia mambo ya Aidarus ambayo sikuyajua.

Amenituma nikuombe uirudishe ile sehemu uliyoikata, nami naomba pamoja naye. Hakunieleza kwa nini. Nadhani ni kwa kuwa hatuna pengine pa kumzuru.

Mamako,
Badria