Kofia ya Uzi Niliosema Nimeuchoma

Malangali, Sumbawanga
Mwezi wa Saba

Mama,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Zaina aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi ya barazani kwa kushika ukuta, na ukiulizwa unasema ni ukuta ndio unaotaka kushikwa. Nimecheka, lakini nenda hospitali. Huku sisi ni wazima: mimi, mkweo, na mjukuu wako aliyebeba jina lako.

Naandika kwa sababu simu yetu ya siku ile ilikuwa ya makelele tu. Wewe unapiga vigelegele, mimi naitikia, salio likaisha. Kuna jambo sikukwambia, na si la kusemwa huku nyumba nzima imezunguka simu. Zaina, mpwa wangu, wewe unayemsomea bibi yako, soma polepole, na ukifika mahali utakapotamani kuruka, usiruke.

Nianze na duka, maana najua utaliuliza. Duka lipo. Baridi ya mwaka huu imetufaa sisi wauza nyuzi, ingawa si vizuri kusema hivyo mbele ya watu. Asubuhi upepo wa huku juu unaingia mpaka kwenye mifupa, na shule zikikaribia kufunguliwa wazazi wanakuja kwa mkumbo: bluu nzito kwa shule hii, kijani kwa ile, damu ya mzee kwa nyingine. Mzazi anataka rangi ileile ya mwaka jana. Namwambia kila gunia linalotoka Dar lina ukolevu wake. Njoo na sweta la zamani tulinganishe pale mlangoni, kwenye jua, si humu ndani kwenye taa. Anasema haina haja. Baada ya wiki anarudi na sweta lenye kifua cha rangi moja na mikono ya rangi nyingine, na anayeulizwa ni mimi.

Juzi alikuja mama mmoja wa Kisukuma, wa wale wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao, akataka sweta moja lenye rangi zote zilizopo dukani. Nikamwambia rangi ziko kumi na tisa. Akasema, "Ndiyo, hizo." Limefumwa, na amependeza. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, nikakosa cha kucheka.

Kuna mtu mmoja lazima nikutajie vizuri, maana bila yeye barua hii isingekuwepo. Anaitwa Bibi Nakazwe, Mfipa wa mtaa wa Izia, mkulima wa maharage na ulezi. Akishamaliza shughuli zake za sokoni huja kukaa kwenye benchi langu na kufuma. Hapendi zile picha za mitindo ambazo wasichana wa mjini wananiletea kwenye simu. Yeye anahesabu kwa maharage: mfuko wa kushoto umejaa, na kila akimaliza mistari kumi anahamishia punje moja mfuko wa kulia. Siku moja nilimkaribisha chai, akainuka, punje zikamwagika. Akafumua mkono mzima wa sweta akaanza upya. Nikamwambia angeweza kuhesabu mistari kwa macho. Akasema macho ni ya kuangalia watu.

Sasa ndilo jambo lenyewe.

Unaukumbuka ule uzi wa rangi ya maziwa. Mimba ya kwanza nilifuma mapema, ndiyo kwanza nimekolea kwenye biashara, nikajiona fundi: sweta, kofia, soksi na shali. Ulinionya kwamba cha mtoto hakimtangulii mtoto. Nikasema hayo ni mambo ya huko kwetu Muheza, huku ni Sumbawanga. Mimba ikatoka mwezi wa sita. Nguo nikaziweka sandukuni, nikasema zitamfaa atakayefuata. Aliyefuata naye hakufika. Ndipo ukaniambia, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwako, nifumue zote na uzi niuchome. Baada ya siku mbili ukauliza kama nimechoma. Nikasema nimechoma.

Sikuchoma, mama. Nilifumua, hilo ni kweli. Nilifumua alasiri moja, nguo zote nne. Lakini uzi ulikuwa mzuri, na mimi ni muuza nyuzi. Nikaukunja madonge, nikauweka kwenye kapu la masalio pale mlangoni, wanapochagua watu wasiohitaji uzi mwingi. Bibi Nakazwe akaununua siku hiyohiyo. Hakuomba apunguziwe, naye ni mtu wa kuomba apunguziwe hata kibiriti. Nilishukuru tu kwamba umeondoka machoni pangu.

Mimba hii ya tatu nikakutii mpaka nikapitiliza. Sikufuma hata kitanzi kimoja. Sikumwambia mtu; nilivaa sweta la mkweo, pana kama gunia, nikawa nauza nimekaa. Nyuzi nyeupe na zote za rangi hafifu nilikuwa nimekwisha kuzihamishia rafu ya juu kabisa, nisizione. Ajabu ni kwamba wateja wakaanza kuulizia hizohizo. Huyu anataka donge moja jeupe, yule mawili ya samawati, Mama Anna, jirani yangu, anataka la manjano. Kila mmoja nilimwomba apande stuli ajichukulie mwenyewe. Zilipoisha nikaagiza nyingine. Miaka yote hii nauza nyuzi, na sikujiuliza hata mara moja zinakwenda wapi.

Uchungu ukanishika mimba ikiingia mwezi wa nane, ule mwezi mnaouogopa. Mkweo alikuwa chini kwenye Bonde la Rukwa anachanja ng'ombe, simu yake haipatikani. Mama Anna akanipeleka hospitali. Mtoto akatoka mdogo, kilo moja na nusu hajafika, lakini analia. Nesi akamfuta, akaninyooshea mkono bila kuniangalia.

"Nguo za mtoto."

"Hana."

"Basi kofia. Kofia na soksi."

"Hana."

Ndipo akaniangalia. "Wewe si ndiye mwenye duka la nyuzi pale Malangali? Sweta hili nililovaa, uzi wake umetoka kwako."

Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Akanilazia mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akamzungushia kipande cha khanga kichwani, nacho kikawa kinateleza kila akikiweka. Akasema mtoto wa namna hii joto humtokea kichwani, na tusipolishika hatutafika naye mbali. Alisema hivyohivyo, bila kuzungusha. Mama, niliogopa. Nilikuwa na magunia matatu ya uzi dukani, na mwanangu kichwa wazi.

Asubuhi wakaja wateja wangu, kama saba hivi. Nesi akawazuia nje, wakampa Mama Anna walivyobeba aniletee. Kofia nyeupe, sweta la samawati, soksi za manjano, shali. Nikazitambua nyuzi zangu moja moja. Nikamuuliza Mama Anna walijuaje.

"Mwanamke aliyekuwa anaparamia stuli mwenyewe kutwa nzima," akasema, "akianza kutupandisha sisi, tunajua."

Nikamwambia kwetu mtoto hafumiwi kabla hajafika.

"Hata huku. Kwani nani kamfumia? Sisi tulikuwa tunafuma tu."

Ila vyote vilikuwa vikubwa. Walifuma kwa kipimo cha mtoto aliyetimiza miezi. Kofia ilimshuka mpaka kidevuni, na nesi alipoirudisha juu ikamvuka yenyewe. Akapima joto, akatikisa kichwa.

Bibi Nakazwe alifika wa mwisho, na chupa ya uji wa ulezi. Yeye hakuna aliyeweza kumzuia nje. Akafungua upindo wa kitenge akatoa kofia ndogo, ungesema ni ya kuvisha chungwa. Nikaipokea. Uzi wa rangi ya maziwa, wenye vikunjo vidogovidogo. Uzi mpya hauna vikunjo vile, mama, wewe unajua. Ni vya uzi uliokwisha kufumwa ukafumuliwa.

Nilikasirika. Nikamwambia, "Bibi, uzi huu hapana. Mama yangu alisema uchomwe."

"Nilijua ulikuwa wa nini," akasema. "Siku ulipoutia kapuni nilikuwa nimekaa pale pale benchini, na hukunitazama."

"Sasa unaniletea wa nini?"

"Mwanamke aliyekwisha kupoteza, mtoto wake anaweza kuwahi. Wangu wawili waliwahi. Nikafuma ndogo." Akamimina uji kwenye kikombe. "Uzi ulipewa kazi, haujaimaliza. Kosa lake nini?"

Nesi hakutungoja. "Kofia hiyo inamtosha au haimtoshi?"

Nilikuwa na maneno yako kichwani, neno kwa neno. Nikamwangalia mtoto, midomo yake inaanza kuwa ya kijivu. Nikamvalisha mwenyewe, kwa mkono wangu, ili kama kuna kosa liwe langu na si la mtu mwingine. Ikamkaa sawasawa mpaka masikioni.

Mchana nesi akapima tena, akasema joto limepanda kidogo. Jioni akasema limefika. Tulikaa pale karibu wiki tatu, na kofia haikuvuliwa ila kufuliwa. Mkweo alitokea siku ya tatu na vumbi la bondeni mwili mzima, akamwangalia mtoto, akakaa chini sakafuni. Sasa mtoto anavuka kilo tatu, ananyonya kwa fujo, na kofia imekuwa ndogo.

Sikuandikii haya ili uniambie nilifanya vizuri. Pengine ni joto la kifua tu. Nesi mwenyewe anasema ni kifua na maziwa. Nakuandikia kwa sababu nilikudanganya, nikakaa na uongo huo miaka, na mtoto ana jina lako. Nisamehe, mama. Sitaki akue huku kuna uongo kati yangu na wewe.

Nisalimie kaka Mbwana, mpakiaji wako wa machungwa, mwambie sweta aliloomba kwa utani nimelifuma kwa kweli, na atalivaa kwenye joto hilohilo la Muheza. Nisalimie shangazi, mwenye nyumba ya nyuma, ambaye najua anasikiliza dirishani sasa hivi. Bibi Nakazwe anakusalimu sana. Nilimsomea barua hii kabla ya kuifunga, akasema nimeandika mengi mno kuhusu maharage.

Kwenye kifurushi utakuta donge dogo la uzi uleule. Bibi amenirudishia lililobaki, na linatosha soksi jozi moja. Najua umezoea kufuma vitambaa vya makochi, na huko kwetu hakuna mwenye haja na soksi, lakini mkono ulionifundisha ni huo. Ukiona vyema, fuma. Usipoona vyema, uchome wewe mwenyewe kama ulivyosema, nami sitauliza. Mimi nilishindwa mara ya kwanza, na sasa ndiyo siwezi kabisa.

Humo kifurushini utakuta pia uzi mwekundu wenye mafundo mawili; usiutupe. Kutoka fundo hadi fundo ndio urefu wa unyayo wake; nimeupima leo asubuhi akiwa amelala. Lakini barua itakaa njiani, na wewe hufumi haraka. Ongeza vitanzi viwili.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi